Diski Niliyoichomoa Mbele ya Wakwe

Siku hizi nikipita Bashay, kijijini kwa wakwe zangu, huwa natembea nikiangalia viatu vyangu, na sababu inajulikana mpaka Dongobesh, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hujaipata kwa mtu mwingine ikiwa imeongezwa chumvi. Mimi ndiye yule mkwe aliyesimama mbele ya ukoo mzima, siku ya kumbukumbu ya baba mkwe wake, akamkatiza marehemu katikati ya sentensi. Nilifanya kwa mkono wangu huu wa kulia, tena nikitabasamu, na hakuna aliyenituma.

Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo pale Katesh, napiga harusi, ubatizo, kipaimara, misiba, chochote ambacho watu wanataka kukikumbuka. Kazi hii ina adui mmoja tu anaitwa nafasi, kwa sababu video ya harusi moja (na harusi za huku kwetu unazijua, kila mjomba akishika maiki anataka aonekane mpaka anapoketi) inakula kompyuta nzima ukizubaa. Basi nikajitengenezea seva yangu nyumbani. Nilichukua kompyuta kuukuu ya mezani, nikaifungia diski nne kwa mbele katika vile vidroo unavyovuta kama mtoto wa meza, nikaweka programu ya bure, nikaiunganisha na rauta, na kuanzia hapo simu yoyote au runinga yoyote iliyo karibu ikawa inachukua picha na video moja kwa moja kutoka humo. Mke wangu Paskalina aliiangalia ikipepesa taa zake akasema, "Sasa tuna mpangaji."

Programu ile, kabla hujaweka hata picha moja, inakuuliza swali: diski hizi unataka nizitunzeje? Unaweza kuziunganisha zote ziwe kama diski moja kubwa, ukapata nafasi yote, ila kila video inakatwakatwa vipande na kugawanywa, na ikifa moja tu, zote zimekwenda. Unaweza kuziweka pacha, kila diski na mwenzake, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, nafasi inabaki nusu lakini unalala usingizi. Halafu kuna njia ya tatu, ya diski moja kuwa ya ulinzi, ambayo haikai na picha yoyote, inakaa na hesabu tu, na siku diski nyingine ikifa mashine inapiga hesabu kwa zile zilizobaki na kumrudisha aliyepotea jinsi alivyokuwa, mpaka kope za bibi harusi. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama naangalia Mlima Hanang, maana nilihisi nimesoma jambo ambalo si la kusomwa ukiwa umekaa.

Nikachagua pacha. Na nikatunga maneno ya kuwaambia wateja, nikayasema kila siku mpaka yakawa yanatoka yenyewe: "Hapa kwangu kila picha ina pacha wake. Diski ikifa leo, kesho njoo chukua video yako kama kawaida." Wateja walipenda, na mimi nilijipenda zaidi.

Kisha yakaja mavuno, na mavuno yakiwa mazuri vijana wote wa Hanang wanaoa kwa mpigo. Nafasi ikaisha. Mchana mmoja, nikiwa na harusi ya Dirma mkononi na ya Masakta inagonga mlango, nikahamisha kila kitu pembeni kwenye diski za kuazima, nikaziunganisha diski zote nne kuwa moja, nikarudisha vitu, nikasema moyoni ni kwa muda tu mpaka nipate diski nyingine. Mkono ulifanya hivyo. Mdomo haukupewa taarifa. Uliendelea kuwaambia watu habari za pacha.

Sasa ndani ya seva hiyo kulikuwa na video ya baba mkwe wangu, Mzee Tluway. Mwaka mmoja kabla hajafariki nilimwomba nimpige akizungumza, akakubali kwa sharti la kuvaa kwanza koti lake la kanisani, akakaa kwenye kigoda mbele ya zizi akaongea mpaka ng'ombe wakarudi. Aliongea Kiiraqw kitupu. Mimi baba yangu ni Mrangi na mama ni Mnyiramba, nimekulia sokoni Katesh, Kiiraqw changu kinaishia kwenye salamu na majina ya vyakula, kwa hiyo sikujua anasema nini, nilihangaika tu na mwanga na upepo kwenye maiki. Na ile kadi ya kamera niliifuta wiki iliyofuata kwa ajili ya harusi. Kwa hiyo mzee alikuwa kwenye seva tu, hapakuwa na mahali pengine popote.

Mwaka ulipotimia tangu azikwe, familia ikapanga kumbukumbu nyumbani Bashay: asubuhi ibada na kusimika msalaba mpya kaburini, mchana chakula, halafu watu waangalie video ya mzee, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, hata mama mkwe. Paskalina akaniambia, jikoni, bila kuinua macho kwenye mboga, "Weka kwenye flashi, tuingize kwenye runinga, basi."

Ushauri mdogo namna hiyo. Ningeufuata, leo ningekuwa mkwe mwenye heshima zake. Lakini mimi nikaanza kueleza kwamba hapana, nikibeba seva yenyewe na rauta, kila mwanaukoo atajichukulia picha za mzee kwenye simu yake palepale, ni huduma (nilisema neno hilo, huduma). Paskalina alinijua. Akasema, "Unataka wakuone nayo." Ilikuwa kweli.

Basi nikaifunga kwa magodoro nyuma ya pikapu ya shemeji, mimi mwenyewe nikakaa nayo huko nyuma nimeikumbatia njia nzima. Pale nyumbani nikaipanga juu ya meza chini ya turubai, runinga kubwa ya studio pembeni, nyaya nikazipitisha vizuri, taa zinapepesa. Wazee wakaja kuitazama mmoja mmoja. "Shikamoo baba," "Marahaba, ndiyo hii?" "Ndiyo hii baba." Nilijiona nimeongezeka urefu.

Baada ya chakula nikawasha video. Mzee Tluway akatokea kwenye kioo, na koti lake, zizi nyuma yake, akakohoa, akaangalia kamera kama anaangalia mtu aliyechelewa. Sitasahau kilichotokea pale. Watu waliokuwa wanatafuta viti wakaacha kutafuta. Akina mama waliokuwa wanaosha masufuria wakaja na mikono yenye povu wakasimama. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele kabisa, mtandio kichwani, mikono magotini, na mzee alipoanza kuongea nilimwona anainua kidevu kidogo, vile mtu anavyofanya akiitwa kutoka shambani. Mimi sikuelewa neno hata moja, lakini ngozi yangu ilielewa. Nimepiga picha za watu miaka mingi, siku ile ndiyo nilijua ni kitu gani nilikuwa nafanya.

Ungedhani mtu aliyehisi hivyo angekaa chini anyamaze.

Kaka wa marehemu, Baba Mkubwa Safari, aliyekuja kutoka Masakta, alikuwa amekaa karibu na meza yangu, hatoi macho kwenye mashine. Akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Daudi, hiki chombo kikiharibika, na huyu anaondoka?"

Ningeweza kunong'ona tu kwamba tutaongea baadaye. Lakini ule mdomo wangu wa dukani ukafunguka wenyewe. "Haondoki, baba mkubwa. Humu kila picha ina pacha wake. Hata nikichomoa diski sasa hivi, ataendelea kuongea." Nikasema kwa sauti ya kutosha wengine wasikie. Vichwa vikageuka. Na kwa sababu vimegeuka, nikanyoosha mkono, nikavuta kidroo cha pili, diski ikaja mkononi mwangu, nikaiinua juu.

Mzee akaendelea kuongea.

Mnong'ono ukapita chini ya turubai lile. Mzee mmoja akavua kofia. Baba Mkubwa Safari akanipokonya ile diski taratibu, kwa mikono miwili, akaishika kifuani. "Yumo humu?" "Yumo humo, na yumo mle." Akaigusa kwa kiganja, kisha akamgeukia katekista aliyekuwa jirani yake akamwambia, "Bado ana joto." Katekista akaipokea, akaigusa, akatikisa kichwa, akampa mwingine. Diski ikaanza kusafiri, mkono kwa mkono, wazee wakiipokea kama wanavyopokea mtoto mchanga, na mimi nimesimama na tabasamu langu.

(Nikueleze jambo ambalo nililijua vizuri, ila sikulikumbuka wakati huo: runinga ikicheza video huwa inavuta mapema kipande cha mbele na kukiweka akiba. Mzee alikuwa anaongea kwa akiba.)

Akiba ikaisha. Mzee Tluway alikuwa ameinamia kamera, ameinua kidole kimoja, sauti yake imeshuka kidogo, na watu wote wanaojua Kiiraqw walikuwa wamesogea mbele kwenye viti, mimi nikidhani wanasogea kwa sababu ya utaalamu wangu. Akaganda hapo hapo. Mdomo wazi, kidole juu.

Ukapita mguno mkubwa kuliko nilivyotegemea, na mama mkwe akageuka akanitazama. Mama mkwe alikuwa hajawahi kunitazama usoni moja kwa moja tangu nimuoe binti yake, na mimi vilevile, ndiyo heshima yetu. Siku ile alinitazama.

Nikamnong'oneza Paskalina, "Amesemaje?"

"Amesema, 'Kuna jambo moja ambalo mama yenu sijawahi kumwambia.'" Akanishika mkono. "Daudi, jambo gani?"

"Sijui. Mimi Kiiraqw sikielewi."

"Si ulisema pacha?"

Hapo ndipo ule mchana wa harusi za mavuno uliponirudia wote, na maneno yangu mwenyewe, kwa muda tu. Hakukuwa na pacha. Kila sentensi ya mzee ilikuwa imekatwa vipande na kugawanywa katika diski nne, na moja ya hizo ilikuwa sasa mikononi mwa bibi mmoja karibu na zizi, anaipangusa kwa khanga.

Mtu mwenye akili angezima mashine akapumua. Mimi nikachomoa nyingine. Usiniulize kwa nini, nafikiri nilitaka kuhakikisha, au mikono ilitaka kuonekana ina kazi. Nikachomoa na ya tatu, nikaipuliza (kwa mdomo, kama tulivyokuwa tunapuliza kanda za zamani), nikairudisha, nikaitoa tena, nikachomoa ya nne, na nilipokuja kutulia zilikuwa mezani juu ya kitambaa, zote zinafanana, na ile ya kwanza imerudi kutoka kwenye msafara wake ikawekwa katikati ya wenzake kwa heshima kubwa, na sikujua tena ipi ilikaa wapi. Alama sikuwa nimeweka.

Wakati huo wote mzee alikuwa kwenye kioo, kidole juu, ananingoja.

Nikaenda kwa mama mkwe. Nilipiga magoti kwenye nyasi, mbele ya watu, nikasema, "Mama, nimekosea. Nilisema ziko pacha, haziko. Sijui kama atarudi."

Nilisikia ng'ombe mmoja anapiga kengele yake huko chini bondeni. Mama mkwe akasema, kwa Kiswahili, ili nielewe, "Usiharakishe. Ukiharakisha utaharibu. Sisi tutakaa." Akawageukia akina mama akawaambia walete maziwa, watu wanywe.

Nimefikiria sana maneno yale. Alikuwa na mume wake kwenye kioo na neno la mumewe limebaki hewani, na mtu aliyelikata amepiga magoti mbele yake, na yeye akaagiza maziwa.

Basi nikazima kila kitu. Paskalina akavuta kiti akakaa pembeni yangu, hakusema lolote kuhusu flashi, na hilo nalo nitamshukuru mpaka nizeeke. Nikaingiza diski kwa kubahatisha, yoyote popote, nikawasha. Maandishi yakaanza kupanda kwenye runinga, mstari kwa mstari, na wazee wakayaangalia kwa utulivu uleule waliomwangalia marehemu. Kisha yakasimama, na mashine ikauliza kwa Kiingereza: diski tatu zimeonekana, kidroo cha nne kuna diski ambayo haijatambulika, je, niiandae upya? Ndiyo, hapana.

Mimi nilisoma neno moja tu, ndiyo. Kidole kilikuwa kinashuka kwenye kibodi. Paskalina akanipiga mkono, pa, mbele ya baba zake wote.

"Soma kwanza."

Nikasoma. Kuandaa upya maana yake kufuta. Kama ningebonyeza, kipande cha nne cha mzee kingefutika, na vile vitatu vilivyobaki visingekuwa na maana yoyote. Nikazima tena. Nikavuta kile kidroo cha nne, nikakirudisha polepole, nikakisukuma kwa kidole gumba mpaka nikasikia kimeshika, tik, kwa sababu kumbe kwa papara zangu sikuwa nimekiingiza mpaka mwisho. Nikawasha. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nasali, lakini katekista aliniona akainamisha kichwa pamoja nami.

Mistari ikapanda. Diski nne. Kisha, bila kuniuliza chochote, ikaandika kwamba zimekamilika, zimeungana.

Nilikuja kusoma baadaye jinsi inavyokuwa. Kila diski, siku unapoziunganisha, inaandikiwa ndani yake jina lake na majina ya wenzake, na nafasi yake kati yao. Mashine haijali umeiweka kidroo gani. Inaisoma kila moja, inauliza wewe ni nani, wenzako ni akina nani, na wakipatikana wote inawapanga yenyewe. Nilikuwa nimewatawanya, wamepita mikono ya ukoo mzima, nimewarudisha ovyo, na wao wakatambuana gizani mle ndani. Nimeishi na kompyuta tangu ujana wangu na sikuwahi kujua kwamba zina jambo kama hilo.

Nikafungua video. Nikairudisha nyuma kidogo. Mzee akainama, akainua kidole, sauti ikashuka, akasema ile sentensi, na safari hii akaimaliza, akaongeza nyingine mbili tatu, kisha akacheka peke yake, kicheko kifupi cha puani, akaanza habari za mbegu za mahindi.

Ukoo mzima ulikuwa unamwangalia mama mkwe. Paskalina alikuwa analia, nikamngoja, kisha akanitafsiria sikioni.

"Anasema, 'Asubuhi mama yenu akikamua huwa anaimba. Anadhani nimelala. Mimi huwa nimeshaamka zamani. Sifumbui macho, kwa sababu nikiamka atanyamaza aniletee maji ya kunawa.'"

Mama mkwe alikuwa hajajitikisa. Mtandio ulikuwa umemteremka mabegani na hakuurudisha. Akasema, si kwa mtu yeyote, "Kumbe alikuwa macho." Halafu akacheka, akaficha mdomo kwa mkono kama msichana. "Na mimi nilikuwa namwita mvivu mbele za watu."

Baba Mkubwa Safari naye akacheka, kisha turubai zima, na wengine walikuwa wanacheka na machozi yanateremka, na mimi mkwe wao mpumbavu nimesimama katikati ya nyaya zangu nisijue mikono niiweke wapi. Video iliendelea mpaka mwisho. Hakuna aliyeomba picha kwenye simu. Hakuna aliyeniuliza tena mashine inafanyaje kazi.

Jioni, nilipokuwa nafungasha, mama mkwe akaja mpaka mezani. Nikaangalia chini. Akagusa kile kisanduku kwa ncha za vidole, pale juu penye joto, akasema taratibu, "Mwanangu, usimtoe tena."

"Simtoi, mama."

Wiki ile ile nikanunua diski nyingine na kurudisha pacha, safari hii kweli, na video ya mzee nikaitolea nakala, moja ikakaa kwa Baba Mkubwa kule Masakta, nyingine kwa shemeji, nyingine iko kwenye ile flashi ambayo Paskalina anaiweka kabatini mwake na kunionesha kila nikianza kujisifu. Maana nimejifunza kwamba unapochagua diski ziishi vipi, unachagua pia utakuja kusimama vipi mbele ya watu siku ya kuulizwa. Wateja bado wanauliza kama vitu vyao viko salama kwangu. Nawaambia viko salama kwa kadiri ya uwezo wangu, chukueni na nakala yenu mkakae nayo nyumbani, halafu mikono yangu naitia mfukoni.